Kukataa Barua-Taka Mlangoni: Wajibu wa Ofisi na Haki ya Mwenye Barua

(Ifuatayo ni matini ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na wananchi kuhusu uchujaji wa barua-pepe katika ofisi za umma.)



Kila ofisi ya Serikali ina masjala, na kila masjala ina mlango. Kwa miaka mingi barua iliyofika ofisini ilipokewa kwa mkono, ikagongwa mhuri wa tarehe, ikaandikwa katika daftari, kisha ikapelekwa kwenye faili lake. Barua isiyohusu ofisi ile alirudishiwa aliyeileta pamoja na maelezo. Utaratibu huo ulikuwa na hekima ndani yake, kwani mwenye barua alijua imefika au haikufika.

Siku hizi barua nyingi hufika kwa njia ya kompyuta, na mlango wa masjala umekuwa ni seva ya barua, yaani kompyuta inayopokea na kutuma barua-pepe za ofisi. Mlango huo hubishwa usiku na mchana, na wabishaji wengi hawana haja njema. Mazungumzo haya yanakusudia kueleza namna mlango huo unavyolindwa, na kutilia mkazo jambo moja: barua inayopasa kukataliwa ikataliwe mlangoni, tena kwa kauli, wala isipokewe kisha ikatupwa kimya kimya.

ASILI YA TATIZO

Tatizo hili si geni. Mwezi wa Novemba 1975, Jon Postel, mmoja katika waasisi wa mtandao, aliandika waraka mfupi ujulikanao kama RFC 706. Alieleza kwamba kompyuta za wakati ule hazikuwa na njia ya kuchagua barua za kupokea. Iliyotaka baadhi ililazimika kuzisoma zote. Tarehe 3 Mei 1978 hofu yake ilithibitika, pale Gary Thuerk wa kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani alipotuma tangazo la biashara kwa anwani zipatazo 400 ambazo hazikuliomba.

Mwaka 1982 Postel aliandika kanuni za kupelekeana barua baina ya seva na seva, ziitwazo SMTP. Kanuni hizo zilijengwa juu ya uaminifu. Mtumaji huandika jina lolote juu ya bahasha, na kanuni zenyewe hazimdai kitambulisho. Hadi leo msingi ni huo huo, na ndiyo maana tapeli aliye mbali aweza kuandika barua kwa jina la Katibu Mkuu.

Katika nchi yetu wananchi wameuonja utapeli huu zaidi kwa njia ya simu. Ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii" umewafikia wengi, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imetenga nambari 15040 ya kupelekea ujumbe wa namna hiyo. Aidha, Sheria ya Makosa ya Mtandao, Na. 14 ya 2015, ambayo isipokuwa kifungu cha 50 inatumika Tanzania Bara na Zanzibar, inazungumzia ujumbe usioombwa katika kifungu cha 20. Hata hivyo sheria humkamata mkosa baada ya kosa, ilhali seva huhitaji kulindwa kabla.

MAZUNGUMZO YA MLANGONI

Ili kufahamu kichujio kinavyofanya kazi, yafaa kujua mazungumzo yanayopita baina ya seva mbili. Seva inayotuma ni mfano wa tarishi. Kwanza hufika mlangoni na kujitaja jina. Pili, hutaja barua imetoka kwa nani. Tatu, hutaja inakwenda kwa nani. Nne, ndipo hukabidhi barua yenyewe. Katika kila hatua seva inayopokea hujibu kwa nambari. Nambari 250 maana yake ni kukubali. Nambari zinazoanza na 4, kama 451, maana yake ni "rudi baadaye". Nambari zinazoanza na 5, kama 550, maana yake ni kukataa moja kwa moja, na mbele ya nambari huweza kuandikwa sababu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Seva ikijibu 550 mlangoni, barua hubaki mikononi mwa tarishi, na ni wajibu wa seva yake kumwarifu mwenye barua kwamba haikupokelewa. Seva ikiipokea kwanza kwa 250 kisha ikaifuta, hapana anayearifiwa. Tena seva ikiipokea na baadaye ikajaribu kuirudisha, marejesho hayo huenda kwa yule ambaye jina lake limeandikwa juu ya bahasha. Katika barua za utapeli jina hilo aghalabu ni la kuibwa, na hivyo mtu asiye na hatia hujaziwa sanduku lake kwa barua asizoziandika.

Uchukuliwe mfano. Mjane mmoja anaishi Kidodi, katika Wilaya ya Kilosa, kwenye njia itokayo Mikumi kuelekea Kidatu, katika nchi ya mashamba ya miwa. Marehemu mumewe alikuwa mtumishi wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na mjane huyo anafuatilia kiinua mgongo chake. Mwanawe, aliyeajiriwa na kampuni ndogo, anamwandikia barua na kuituma kwa kutumia anwani ya kazini. Kampuni hiyo haina seva yake peke yake. Imepanga katika seva moja pamoja na wengine. Mpangaji mmojawapo ameingiliwa na wahalifu na kutumiwa kueneza barua-taka, na kwa sababu hiyo seva nzima imeandikwa katika orodha ya watumaji wabaya.

Barua ya mjane ikifika Unguja ina mambo mawili mbele yake. Ikiwa kichujio huipokea na kuitupa, mjane atangoja mwezi, miezi miwili, akidhani ofisi imempuuza. Hatimaye itambidi afunge safari ya basi kupitia Mikumi na Morogoro hadi Dar es Salaam, kisha apande boti, kwa nauli asiyokuwa nayo, ili aulize habari za barua ambayo hapana mtumishi aliyeiona. Ikiwa kichujio huikataa mlangoni kwa sababu iliyoandikwa, mwanawe atapata taarifa, pengine katika dakika ile ile, na ataituma upya kwa anwani nyingine au kuipeleka posta. Barua ni moja na seva ni moja. Kilichotofautiana ni mpangilio wa kichujio.

NGAZI ZA KICHUJIO

Kichujio chema huwa na ngazi kadhaa, na kila ngazi ina manufaa na hatari zake.

Kwanza, seva isiwe tarishi wa kila mtu. Ipokee barua zinazokwenda kwa watumishi wake tu, na ipeleke nje barua za watumishi wake waliojitambulisha kwa nywila. Katika miaka ya mwanzo seva nyingi duniani zilipitisha barua za yeyote kwenda kokote, na watapeli walizitumia kama punda wa kubebea mizigo. Programu ya Sendmail iliufunga mlango huo kwa kawaida yake kuanzia toleo la 8.9 la mwaka 1998. Kwa ngazi hii hapana udhuru. Seva iliyo wazi leo huingizwa katika orodha mbaya mara moja, na barua za ofisi nzima hukataliwa kwengineko.

Pili, seva iwe na orodha kamili ya watumishi. Barua inayokwenda kwa mtu asiyekuwepo ikataliwe katika hatua ya tatu, kabla haijakabidhiwa. Watapeli hubahatisha majina kwa maelfu, na kukataa mapema huokoa nafasi ya mawasiliano. Hapa masjala na idara ya utumishi zinahusika: mtumishi akihamishwa, anwani yake isifutwe siku hiyo hiyo bila ya kuelekezwa kwa aliyeshika nafasi yake.

Tatu, orodha za watumaji wabaya. Paul Vixie alianzisha orodha mashuhuri ya namna hii mwaka 1997, na shirika la Spamhaus lilianza mwaka 1998. Seva huuliza orodha kwa njia ya seva za majina, yaani zile zinazogeuza jina la mtandao kuwa nambari, na hupata jibu kwa sekunde moja au chini yake. Ngazi hii huzuia sehemu kubwa ya barua-taka kwa gharama ndogo. Hatari yake ni ile ya mfano wa Kidodi: jirani mbaya humponza jirani mwema. Kuna na hatari nyingine ambayo mafundi hawana budi kuijua. Swali likipitishwa kwenye seva za majina za umma, Spamhaus haijibu kwamba mtumaji ni mwema au mbaya, bali hurudisha nambari ya hitilafu, 127.255.255.254. Seva isiyopambanua majibu huifahamu nambari hiyo kuwa ni "mbaya", na hukataa barua zote za dunia kuanzia saa hiyo. Kwa hivyo fundi aandike bayana ni majibu yapi yanayohesabiwa kuwa ni ushahidi.

Nne, kumwambia mgeni arudi. Njia hii ilitangazwa na Evan Harris mwaka 2003. Seva humjibu mtumaji asiyejulikana kwa 451, yaani arudi baadaye. Seva halali hurudi. Programu nyingi za watapeli hazirudi. Gharama yake ni kuchelewa, na kwa barua zenye saa maalumu, kama zile za zabuni, ucheleweshaji huo waweza kuleta malalamiko.

Tano, uthibitisho wa jina. Njia ya SPF humwezesha mwenye kikoa, yaani jina la ofisi katika mtandao kama zile zinazoishia na .go.tz, kutangaza ni seva zipi zilizoruhusiwa kutuma kwa jina lake. Njia ya DKIM hutia saini ya kompyuta ndani ya barua. Njia ya DMARC hueleza barua isiyothibitika ifanywe nini: iachwe, iwekwe kando, au ikataliwe. Tangu Februari 2024, kampuni za Google na Yahoo zimeanza kuwadai wanaotuma barua nyingi wawe na vithibitisho vyote vitatu. Kwa Google kiwango ni barua 5,000 kwa siku kwenda kwa watumiaji wake. Ofisi inayowatangazia wananchi kwa wingi, kwa mfano habari za ajira au ada, haina hiari katika jambo hili. Nayo ngazi hii ina ila yake: barua iliyoelekezwa kutoka anwani moja kwenda nyingine huweza kushindwa mtihani wa SPF hali ni halali.

KICHUJIO NA LUGHA YA KISWAHILI

Ngazi ya sita ni kusoma maneno ya barua yenyewe, na hapa pana haja ya kutua kidogo, kwa sababu vichujio vingi vilizaliwa katika Kiingereza.

Njia nyepesi ni kupiga marufuku maneno. Njia hiyo ina historia mbaya. Mwaka 1996 wakaazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walizuiwa kujiandikisha na kampuni ya AOL kwa kuwa ndani ya jina la mji wao mna herufi za tusi. Kiswahili nacho kimo katika hatari hiyo. Tusi moja la Kiingereza la herufi nne limo ndani ya maneno "mashitaka" na "mshitiri". Kichujio kinachotafuta herufi bila ya kutazama neno zima kitamnyima haki mwananchi anayeandika habari za kesi yake. Vilevile, mtu akidhani kwamba neno "urithi" ni alama ya utapeli, akalizuia, atakuwa ameifungia mlango Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo mirathi ni katika kazi zake. Akizuia "mkopo", atawakosesha wenye vikundi vya kuweka na kukopa. Wahenga walisema: mchagua nazi hupata koroma.

Njia iliyo bora ni kukifundisha kichujio kwa mifano. Paul Graham aliieneza njia hii kwa makala yake ya mwaka 2002, na programu ya SpamAssassin, iliyotolewa mwaka 2001, inayo sehemu ya namna hiyo. Kichujio huonyeshwa barua njema na barua mbaya, kikajifunza uzito wa kila neno. Katika SpamAssassin sehemu hiyo haianzi kutoa hukumu mpaka iwe imeonyeshwa angalau barua 200 za kila upande. Barua hizo na ziwe za Kiswahili cha ofisi husika, pamoja na salamu zake na majina ya mitaa yake. Kichujio kilichofunzwa kwa Kiingereza pekee humwona mwananchi wa Makunduchi au Wete kuwa ni mgeni katika nchi yake. Kwa kawaida programu hiyo huihesabu barua kuwa taka inapofikia alama 5, na ni vyema barua iliyo karibu na kiwango hicho ipokewe na kuwekewa alama, isikataliwe.

KUPANGA KWA TARATIBU

Katika programu ya Postfix, iliyoandikwa na Wietse Venema, masharti ya kukubali na kukataa huandikwa katika faili liitwalo main.cf. Seva huyasoma kwa mpangilio yalivyoandikwa, na sharti la kwanza linalotoa hukumu ndilo humaliza shauri. Kwa hiyo mpangilio ni sawa na sharti lenyewe. Ruhusa ikitangulia mahali isipostahili, makatazo yote yaliyo chini yake huwa bure.

Fundi anapoongeza sharti jipya asilipe nguvu siku ile ile. Postfix ina neno warn_if_reject, ambalo likitangulizwa mbele ya sharti, seva huandika katika daftari lake barua ambazo ingalizikataa, lakini huzipokea. Daftari hilo lisomwe kwa muda wa kutosha, pamoja na mtumishi wa masjala anayewafahamu waandishi wa ofisi. Ipo pia amri ya soft_bounce, ambayo hugeuza kila "hapana" kuwa "rudi baadaye", ili kosa la fundi lisahihishike kabla barua haijarudishwa.

Kuhusu kauli ya kukataa, ofisi zina neema isiyotumiwa. Kanuni za SMTP zimezoea herufi za kawaida za Kilatini, na Kiswahili huandikwa kwa herufi hizo hizo bila ya alama za ziada. Basi hapana kizuizi cha kuandika sababu kwa lugha ya wananchi, kwa mfano: "550 Barua haikupokelewa kwa kuwa seva uliyotumia imo katika orodha ya kuzuia. Tuma kwa anwani nyingine au piga simu masjala." Aidha, kanuni za mtandao zinaitaka kila seva ipokee barua za anwani ya postmaster, yaani ya msimamizi wa barua. Anwani hiyo isomwe na mtu, kwani ndiyo dirisha la mwenye kulalamika kwamba amefungiwa mlango.

Visiwa vyetu pia vina funzo lao. Unguja ilikosa umeme wa waya wa baharini kwa takriban mwezi mmoja kuanzia Mei 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Seva inayotuma, ikikuta mlango hauna mtu, kwa kawaida huendelea kujaribu kwa muda wa siku nne au tano tu, kisha humrudishia mwenyewe. Ofisi nyingine huweka seva ya akiba mahali pengine ili ipokee kwa niaba. Jambo hilo ni jema, ila seva ya akiba iwe na masharti yale yale ya seva kuu, maana watapeli hupenda kupita mlango wa nyuma.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Kwa muhtasari, wakuu wa ofisi wanakumbushwa kwamba kichujio ni maamuzi ya kiutawala kabla ya kuwa kazi ya fundi. Masharti yake yaandikwe, yaidhinishwe, na daftari la barua zilizokataliwa likaguliwe kila wiki kama linavyokaguliwa daftari la masjala.

Watumishi watumie anwani rasmi za ofisi katika kazi za Serikali. Mtumishi anayewaandikia wananchi kwa anwani ya binafsi huwazoesha kuamini barua ambayo kesho tapeli ataiiga.

Wananchi nao waandike jina kamili, kichwa cha habari kinachoeleweka, na kumbukumbu ya barua iliyotangulia ikiwepo. Wakipata taarifa kwamba barua haikupokelewa, wasiipuuze wala wasiione kuwa ni dharau, bali waisome sababu yake na kuihifadhi. Ni ushahidi kwamba waliandika. Yeyote atakayepokea barua kwa jina la Serikali ikimtaka fedha au nywila, asijibu, bali aiulize ofisi husika kwa simu anayoijua.

Mlinzi wa mlango hasifiwi kwa wingi wa aliowafukuza. Husifiwa pale mwizi anapobaki nje, na mwenye haja, akikosea njia, akaelezwa apite wapi.